Nusu Mzunguko wa Bisibisi

Mtaani walimwita Pumzi. Alikuwa fundi wa magari, na kazi yake hasa ilikuwa kuyafungia turbo magari ambayo hayakuzaliwa nayo. Vijana walimletea magari yao ya mbio, yale mafupi ya milango miwili ambayo matumbo yake yanakaribia kulamba lami, pamoja na masanduku ya vifaa vilivyoagizwa kutoka mbali, skrubu pungufu na maelekezo kwa lugha ambayo muuzaji haijui wala mnunuzi haijui. Pumzi alifungua sanduku, akatazama, akaguna. Kisha akaanza somo lake.

"Turbo si uchawi," alikuwa akisema. "Ni feni. Moshi unaotoka unaizungusha, nayo inaisindilia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingejivutia yenyewe. Sasa umelipatia gari pafu jipya, lakini moyo ni uleule. Usilikimbize kama umefukuzwa na nyuki."

Kisha yakafuata masharti. Oili ibadilishwe mapema, wala usingoje iwe nyeusi kama masizi. Asubuhi injini ipate joto kwanza ndipo uikanyage. Ukifika mwisho wa safari yako usizime papo hapo, iache ingurume taratibu mpaka turbo ipoe, maana ukiizima ikiwa nyekundu oili inaungulia ndani na kuwa makaa. "Turbo haiuawi na mbio," aliwaambia, "inauawa na haraka." Waliosikia walitembea miaka. Wasiosikia walirudi wakivutwa kwa kamba, na Pumzi aliwapokea kwa uso ule ambao mama mkwe humpokelea mkwe aliyekuja mikono mitupu.

Tena alikuwa na desturi moja iliyompa sifa mjini. Kila nati na kila klipu aliyoikaza, aliipitishia mstari mwembamba wa rangi nyeupe, nusu kwenye nati na nusu pale ilipokalia. Mstari ukiwa mzima, nati haijasogea. Ukikatika, kuna kitu kimelegea. Rangi yenyewe alimwomba Mpaka Rangi, rafiki yake aliyekuwa akipiga rangi magari katika ua uleule, mtu wa maneno mengi na koti lenye rangi zote za dunia.

Mtu kama huyo, aliyesifika kwamba kazi yake haivuji wala hailegei, ndiye aliyekuwa akililegeza gari la mke wake kwa makusudi. Ukiniuliza mimi, mwanamume akishindwa kusema jambo la maneno matatu, hakuna upuuzi atakaoushindwa.

Mkewe alikuwa mwalimu wa udereva. Kutwa nzima alikaa kando ya watu wanaotetemeka, kwenye gari la shule lililochoka, wakitembea mwendo ambao kuku angewapita na kuwaaga. Jioni alitaka gari linalokwenda. Walipooana, Pumzi alimtengenezea moja, jekundu, akalifungia turbo kwa mikono yake, akaipunguza nguvu makusudi ili injini idumu. "Nataka uzeeke nalo," alimwambia. Hilo ndilo tamko la mapenzi lililo refu kuliko yote aliyowahi kuyatoa, na Mwalimu alilipokea kama lilivyo, akacheka, akaliwasha.

Lakini mtu hazeeki na gari. Pumzi alikuwa gereji asubuhi, gereji jioni, na siku za mapumziko alikuwa gereji kwa sababu kulikuwa kumetulia na kazi inakwenda. Mwalimu alikula na kiti kitupu mpaka akakizoea kile kiti kuliko mwenye kiti. Hakugomba. Siku moja aliufunga mzigo wake akahamia kwa dada yake, ng'ambo ya mji, akasema anahitaji kupumua. Pumzi alisimama mlangoni na kitambaa cha oili mkononi. Alitaka kusema usiende. Akasema, "Angalia maji ya rejeta."

Baada ya hapo nyumba ilimshinda. Alilala upande wake wa kitanda kana kwamba ule mwingine una mtu. Aliamka akapika chai ya watu wawili, akaimwaga nusu, na kesho yake akapika vilevile. Mpaka Rangi alimwambia, "Nenda kamfuate." Yeye akajibu kwamba mwanamke ametaka kupumua, basi apumue. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini Pumzi wahenga aliwasikiliza kwenye harusi za wenzake tu.

Klipu ya kwanza ililegea kwa bahati mbaya. Mwalimu alilileta gari kubadilisha oili, akaketi kwenye kigoda karibu na benchi, akavua viatu akavinyoosha vidole vya miguu kama alivyofanya nyumbani. Pumzi alikuwa akirudisha mpira mnene unaopitisha hewa ya turbo kuingia kwenye injini. Mpira huo hushikwa na klipu ya chuma inayokazwa kwa bisibisi. Aliitazama ile miguu, akasahau nusu ya mwisho ya mzunguko, akasahau na mstari mweupe. Wiki haikuisha gari likarudi likipiga mluzi, hewa inavuja, nguvu hakuna. Na Mwalimu akaketi tena kwenye kigoda.

"Lina nini?" aliuliza.

"Klipu," akasema Pumzi, na moyo wake ukaruka kama wa mvulana.

Alipoikaza siku ile, mkono ulisimama wenyewe. Akairudisha nyuma nusu mzunguko. Nusu tu. Gari lingekwenda salama mjini, halafu presha ya hewa ingeusukuma ule mpira polepole, mluzi ungeanza, na mwenye gari angerudi. Ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu alikuja, akalalamika kidogo, akaketi. Wakazungumza habari za wanafunzi wake, yule mzee anayefumba macho akipishana na lori, yule bibi harusi aliyeingia kwenye ua wa jirani na kupiga hodi kwa bampa. Pumzi alicheka mpaka akashika mbavu. Wakati mwingine alimwaga oili ambayo ilikuwa ingali na rangi ya asali, akatikisa kichwa akasema imechoka. Mwalimu aliitazama ile asali ikitiririka kwenye karai.

Mpaka Rangi hakuwa kipofu. "Magari yote unayofunga hayarudi," alisema. "Hili moja tu ndilo lina mdudu."

"Ni gari gumu."

"Mapenzi ni kikohozi, ndugu yangu. Na hili gari linakohoa kwa niaba ya mtu."

Sasa ikafika Jumamosi moja. Mwalimu alikuja mapema, hakuketi. Alisimama karibu na mlango akizungusha funguo kidoleni, akamwomba aliangalie gari lote vizuri. Pumzi aliona haya kumtazama, maana alimwona kapendeza. Aliinama chini ya boneti, akaangalia hiki na kile, na mwisho akaifikia klipu yake. Bisibisi ikaingia. Nusu mzunguko.

"Tayari," alisema.

"Kila kitu kiko sawa?" Mwalimu aliuliza, akimtazama usoni.

"Kila kitu."

Mwalimu alingoja kidogo, kama mtu anayengoja taa ya kijani. Kisha akapanda gari, akaondoka.

Pumzi alikuwa akipangusa mikono Mpaka Rangi aliposogea, barakoa yake ya kazi ikiwa imepandishwa kwenye paji la uso. "Pole, ndugu yangu," akasema.

"Pole ya nini?"

"Kwani shemeji hakukuaga? Yale masanduku kwenye kiti cha nyuma hukuyaona? Amepata kazi kwenye shule ya udereva kule nyuma ya milima. Anaondoka leo, akisharudi kwa dada yake kumuaga."

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Nilimuuliza masanduku ya nini, akaniambia. Ndivyo watu wanavyojua mambo, Pumzi. Wanauliza."

Pumzi hakusikia sehemu ya mwisho. Alikuwa ameshaifikia barabara ya mlimani kwa akili. Mjini klipu ile ilikuwa mchezo wa mtoto. Lakini kule juu ni mwinuko na malori yaliyosheheni, na anayetaka kupita lori hutoka kwenye mstari wake, akakanyaga mafuta hadi mwisho, turbo ikapuliza kwa nguvu zote. Hapo ndipo mpira ungechomoka. Gari lingeishiwa nguvu ghafla, upande usio wake wa barabara, na lingine likiteremka. Aliiona picha hiyo yote. Alikuwa amemlegezea mkewe kifo, kwa kuwa hakuweza kumwambia keti.

Alimpigia simu. Iliita, haikupokewa. Mwalimu hakuwahi kupokea simu akiendesha, ndilo somo lake la kwanza kwa kila mwanafunzi. Pumzi akainyakua pikipiki ya Mpaka Rangi, tangi lake lilikuwa limepakwa upande mmoja na rangi haijakauka, akatoka uani na suruali imegeuka bluu gotini. Njiani alimwomba Mungu kwa lugha aliyoijua. Aliomba foleni. Aliomba taa zote za barabarani ziwe nyekundu mbele ya lile gari.

Alilikuta. Lilikuwa limesimama mbele ya nyumba ya dada mtu, milango wazi, masanduku yamepangwa, na juu yake taa ya mezani ambayo Pumzi aliifahamu, maana iliwahi kukaa upande wa pili wa kitanda chake. Shemeji yake alikuwa kizingitini, mwanamke mnene wa sauti na wa moyo, amebeba chupa ya chai.

"Karibu, shemeji," alisema. "Leo umeiona njia?"

Pumzi hakumwitikia, jambo ambalo shemeji yake alikuja kulisimulia kwa muda mrefu. Alikwenda moja kwa moja kwenye boneti akaifungua. Injini ilikuwa bado ya moto. Alipeleka mkono kwenye klipu, akauchomoa kwa kuungua, akaupeleka tena.

Ilikuwa imekazwa.

Aliijaribu kwa kidole, kisha kwa nguvu. Ilikuwa imekaa kuliko alivyowahi kuikaza yeye. Aliinama kabisa, shingo imepinda, akatazama upande wa chini wa klipu, upande ambao hakuwahi kuuangalia, kwa sababu mtu anayefanya jambo la aibu haangalii chini. Kulikuwa na alama. Mstari mwembamba, umepita kwenye klipu na kwenye mpira, kama alivyofanya yeye, ila huu ulikuwa mwekundu unaong'aa. Ilikuwa rangi ya kucha. Chini ya mstari ule palikuwa na mwingine uliofifia, umekatika, na chini ya huo mwingine tena, na mwingine, tabaka juu ya tabaka.

"Unatafuta nini, Fundi?"

Mwalimu alikuwa nyuma yake, mtandio begani, tayari kwa safari.

"Nani kaikaza hii?"

"Mimi."

"Lini?"

"Leo, hapo kwenye kona ya duka la matairi. Ndipo ninapoikazia kila mara."

Pumzi alinyooka polepole. Kichwa kiligonga boneti, hakukisikia. "Kila mara," alisema.

"Tangu ile ya pili. Ya kwanza uliisahau, niliona, nikakusamehe. Ya pili niliuona mkono wako ukirudi." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayemweleza mwanafunzi habari za gia. "Fundi, kazi yangu ni kukaa kando ya mtu na kujua mguu wake unakwenda wapi kabla yeye mwenyewe hajajua. Ulidhani nitashindwa kujua mkono wako unakwenda wapi?"

"Lakini lilikuwa likirudi limelegea. Linapiga mluzi."

"Niliilegeza mwenyewe. Hapo hapo kwenye kona, kabla ya kuingia kwako. Ningekuja gereji na gari zima, ningesema nimefuata nini?"

Dada mtu aliweka chupa ya chai chini. "Wapumbavu wawili na bisibisi mbili," alisema. "Nyumba zina milango, nilimwambia. Mwambie huyo mwanamume apige hodi." Akaingia ndani, lakini si mbali.

Pumzi alijua kwamba mahali hapo mtu mwingine angecheka. Miezi yote ile alidhani yeye ndiye anayeng'ang'ania upande mmoja wa kamba, kumbe upande wa pili ulikuwa na mtu. Angeweza kuwa na furaha. Lakini masanduku yalikuwa kwenye kiti cha nyuma na taa ya mezani juu yake.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Nilikuwa nikikungoja wewe." Sasa sauti yake ikabadilika. "Kila nilipotoka kwako nilisimama kwenye ile kona nikafungua boneti, nikiomba niikute imekazwa. Siku hiyo ningejua umeamua kusema kwa mdomo. Kila mara niliikuta imelegea. Leo nimekuja na maisha yangu yote kwenye kiti cha nyuma. Niliyaweka mahali ambapo hata mpita njia angeyaona. Rafiki yako aliyaona, akaniuliza. Wewe ulipita kando yake na bisibisi."

"Nilikuwa naona haya kukutazama."

"Najua. Na nikakuuliza, kila kitu kiko sawa? Ukasema kila kitu." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, haraka, kama anayefuta vumbi. "Sasa umekuja mbio. Nashukuru. Lakini umekuja kwa ajili ya klipu."

Pumzi alifungua mdomo. Sentensi zote alizozijua zilikuwa za rejeta na mipira na presha, zikajipanga mlangoni kama wateja, akazifukuza moja moja. Jasho lilimtoka. Mwalimu hakumsaidia. Aliwahi kumwambia kwamba mwanafunzi akizima gari kwenye makutano, kosa kubwa ni mwalimu kuushika usukani.

"Hili gari halijawahi kuhitaji kuletwa," alisema hatimaye. "Tangu siku nilipolifunga. Aliyehitaji uje ni mimi. Nyumbani hakukaliki. Napika chai ya watu wawili. Nimekukosa, nami sikujua mtu anaanzia wapi kusema jambo hilo, maana halina nati."

Barabarani alipita mwuza mkaa na kigari chake, magurudumu yanalia. Mwalimu alimtazama mumewe muda mrefu, mikono yake yenye masizi, goti lake la bluu. Mkono wake ulijinyanyua ukaifuta ile rangi kidogo, haikutoka, akaiacha.

"Ungesema hivyo mwaka jana," alisema kwa upole, "nisingejifunza kushika bisibisi."

"Ni kuchelewa?"

"Sijui. Nimeshatoa neno langu kule. Kuna watu wananingoja Jumatatu, nami si mtu wa kurudi nyuma barabarani. Nitakwenda." Akalisogelea gari, akaegemea ubavu wake. "Nikagulie, Fundi. Safari hii likague kama la mteja."

Akalikagua. Alipapasa bomba la oili linaloingia kwenye turbo na lile linalotoka, akatafuta unyevu, hakuuona. Aliangalia maji, akaminya kila mpira, akaipitishia macho kila alama nyeupe aliyowahi kuiweka na zote zilikuwa nzima. Aliwasha injini, akasikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Hakuwahi kutamani kasoro kama siku ile, hata ndogo, hata ya kumchelewesha mpaka kesho. Gari halikuwa na kasoro. Alikuwa amelijenga vizuri mno.

"Liko salama," alisema, na ilimgharimu. "Oili uibadilishe mapema, kama ujuavyo. Fundi yeyote mwaminifu wa huko ataweza. Kwa ajili ya gari hunihitaji tena."

Mwalimu aliingia, akafunga mkanda, akarekebisha kioo. Alikuwa ameshatia gia aliposhusha dirisha.

"Basi siku nikikupigia," alisema, "utajua si kwa ajili ya gari."

Akaondoka taratibu mpaka mwisho wa mtaa, maana turbo haipendi haraka, kisha akapinda kuelekea milimani. Pumzi alisimama katikati ya barabara akisikiliza. Alilisikia likipanda, likibadili gia, turbo ikivuta pumzi ndefu, safi, bila mluzi.

Shemeji yake alitoka akasimama kando yake. "Linakwenda vizuri," alisema.

"Vizuri sana," akasema Pumzi, kisha akalia pale barabarani mbele ya majirani, na simu ameishika mkononi.